Maji yanapanda, tangi linajaa, lakini mradi wa kijiji hauna hela ya pampu: uniti 21 kwa siku zinapotelea wapi?

#1 Uwandani
Wakuu, habari. Naweka hapa hesabu za mradi mmoja wa maji wa kijiji, Uwanda wa Makonde upande wa Tandahimba, tuzichambue kwa namba. Kijiji sikitaji.

Watu 3,200. Kisima kirefu kimoja. Pampu ya kuzama ya kilowati 4, umeme wa TANESCO wa njia tatu, na kibao chake kinasema uniti 6 za maji kwa saa (uniti moja ni lita 1,000) kwa kimo cha mita 120. Inawashwa saa 8 kwa siku, yaani uniti 48. Tangi ni la zege, la duara, lita 50,000, kipenyo cha ndani mita 5, juu ya mnara wa mita 9. Magati (vituo vya kuchotea maji) 11, na nyumba 46 zilizovutiwa maji. Kila gati na kila nyumba ina dira yake, yaani mita ya maji. Gatini ndoo ya lita 20 ni shilingi 50, nyumbani uniti ni shilingi 1,500.

Dira za magati zikijumlishwa zinatoa uniti 20 kwa siku, za nyumba uniti 7. Jumla 27. Uniti 21 hazionekani popote. Kwa bei ya gati hizo ni shilingi 52,500 kila siku, zaidi ya milioni 1.5 kwa mwezi. Wananchi wanasema wahudumu wa magati wanakula. Mimi naona ni mabomba. Nyie mnaonaje?

#2 Mchele wa Mbwemkuru
Wananchi wako sahihi. Mhudumu anakaa na hela mkononi kutwa nzima, usiku anapeleka anachotaka. Wekeni dira za lipa kabla, mtu achome chipu yake achote. Tatizo litakwisha wiki hiyohiyo.

#3 FundiKoki
@Mchele wa Mbwemkuru hapana, kaka. Soma tena #1. Uniti 20 zimesomwa kwenye dira, hazikuhesabiwa kwa hela. Mhudumu akila hela, dira inabaki imeandika maji yaliyotoka, na pengo linaonekana kati ya dira na daftari la fedha. Hapa pengo liko kati ya pampu na dira, kabla maji hayajamfikia mhudumu. Wizi unaoweza kuleta pengo la namna hii ni wa mtu kujiunganishia bomba kabla ya dira, au dira kufungwa nyuma mbele siku kadhaa za mwezi ili isome kinyume. Lakiri ya dira ikiwa imekatika, anza kuuliza hapo.

#4 Mama wa Magati
Naongeza moja kuhusu wahudumu kabla hatujawaacha. Msimkabidhi mhudumu hesabu ya ndoo 50 kwa kila uniti kisha mkamkata akipungukiwa. Dumu tunaloita la lita 20 likijazwa hadi shingoni linabeba lita 21 na zaidi. Weka na maji ya kusuuza, weka na yanayomwagika mpira ukihamishwa kutoka dumu hadi dumu. Uniti moja gatini huishia ndoo 45 hadi 47. Vyombo vingi vya watumia maji vinagombana na wahudumu wao kwa sababu ya ndoo hizo 3 hadi 5 ambazo hazijawahi kuwepo. Wekeni lengo la ndoo 46 kwa uniti, iandikwe kwenye mkataba.

#5 Mtaalamu wa Kitangari
Nauliza swali moja tu kwa mwenye uzi: hiyo 48 umeipata kwenye dira kubwa ya kisimani au umezidisha 6 kwa 8?

#6 Uwandani
Nimezidisha. Dira ya kisimani ilikufa, kioo kimejaa ukungu, mshale hauzunguki.

#7 Mtaalamu wa Kitangari
Basi uniti 21 bado hazijathibitishwa kupotea. Kibao cha pampu kinaeleza pampu mpya kwenye kimo kile tu kilichoandikwa. Pampu ikila mchanga miaka kadhaa, mapanga yake yanalika na maji yanapungua huku mota inanguruma vilevile. Kiwango cha maji kisimani kikishuka mita 15, pampu inasukuma mlima mrefu zaidi na inatoa kidogo. Uwandani visima ni virefu na mchanga ni mwingi, hayo mawili yanakuja pamoja.

Dira mpya haihitajiki ili kujua. Tangi lenu lina kipenyo cha mita 5, kwa hiyo eneo la maji ni mita za mraba 19.6. Kila sentimita 10 za kina ni uniti 1.96. Fanyeni hivi:

Alfajiri, tangi likiwa limeshuka nusu, fungeni valvu ya kutokea kwenda kijijini. Pimeni kina kwa mpira mweupe uliosimamishwa ubavuni mwa tangi na rula, au kwa ufito mkavu uliopakwa chaki. Washeni pampu saa moja kamili kwa saa ya mkononi. Pimeni tena. Pampu ikitoa uniti 6, maji yatapanda sentimita 30 na nusu. Yakipanda pungufu, mtajua pampu inatoa ngapi kweli.

#8 Salfa na Korosho
Umeme pia. Vijiji vya mwisho wa laini huku volti zinashuka hadi 340 badala ya 400. Pampu haizunguki kwa kasi yake, ndiyo maana maji hayapandi.

#9 FundiKoki
@Salfa na Korosho nusu yake ni kweli. Mota za aina hii kasi yake inafuata mizunguko ya umeme, ambayo ni 50 kwa sekunde. Volti zikishuka, kasi inapungua kidogo sana. Kinachotokea ni mota kuvuta ampea nyingi zaidi ili ifanye kazi ileile, inapata moto, na waya za ndani zinaungua. Kwa hiyo volti ndogo inaua pampu, ila haielezi uniti 21. Labda kama kifaa cha kinga kinaizima katikati ya zamu na mwendesha mitambo hajui. Hapo saa 8 zinakuwa 6.

Na kama kinga hiyo imefungwa waya ipitwe, "ili isisumbue", huo ndio ugonjwa wa kwanza wa kutibu. Mota inaungua ndani ya dakika chache njia moja ya umeme ikikatika.

#10 Lukuledi Bondeni
Hesabu ya LUKU itakwambia mengi. Mwenye uzi, mnanunua uniti ngapi za umeme kwa mwezi?

#11 Uwandani
Kama 1,010.

#12 Lukuledi Bondeni
Vizuri. Kupandisha uniti moja ya maji mita 120 kunahitaji umeme wa uniti 0.33 kama hakuna kinachopotea. Pampu ndogo na mota yake kwa pamoja hufanya kazi kwa asilimia 45 hadi 50, kwa hiyo 0.7 ni ya kawaida. Kwa maji uniti 48 kwa siku, mwezi ni 1,440. Gawanya 1,010 kwa 1,440 unapata 0.7. Kwa hesabu hiyo pampu yenu ni nzima.

Lakini kama maji yanayofika tangini ni pungufu ya 48, umeme kwa kila uniti ya maji unapanda, na mtajua mnalipia nguvu isiyofika juu. Kwa bei ya kawaida ya shilingi 292, ukiweka VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), mnalipa kama shilingi 356 kwa uniti ya umeme. Maji ya uniti moja yanakula umeme wa shilingi 250 hivi. Mngekuwa kwenye jenereta ndogo, lita moja ya dizeli inatoa umeme wa uniti 3 tu, na kwa dizeli ya shilingi 3,000 mngekula 700 kwa uniti moja ya maji. Umeme hauwafilisi nyie.

#13 Mchele wa Mbwemkuru
Kwa hiyo hela iko wapi sasa? Sijaona bado.

#14 Mhasibu Mstaafu wa Chombo
@Mchele wa Mbwemkuru ngoja nikuwekee mezani, mjomba. Magati uniti 20 kwa 2,500 ni 50,000 kwa siku. Nyumba uniti 7 kwa 1,500 ni 10,500. Mwezi mzima ni 1,815,000. Matumizi ya mradi wa ukubwa huu, kwa makadirio yangu: umeme 360,000, wahudumu asilimia 20 ya mauzo ya magati 300,000, fundi 200,000, mhasibu 200,000, mlinzi 150,000, vipuri 150,000, dawa ya maji 40,000. Jumla 1,400,000. Kinabaki 415,000.

Kabla hujashangilia, angalia hela ya nyumba. Hiyo 315,000 kwa mwezi iko kwenye ankara, haiko benki. Huku kwetu mtu analipa ankara korosho zikishauzwa, Oktoba kuendelea. Kuanzia Februari hadi Septemba chombo kinaishi kwa hela ya ndoo, yaani kinabakiwa na 100,000 kwa mwezi. Kifaa kimoja kikiharibika Julai, akiba imekwisha. Mradi unaweza kuwa na faida kwenye karatasi na ukakosa hela ya pampu bila mtu yeyote kuiba wala bomba lolote kuvuja.

Dawa yake ni kukubaliana na wateja wa nyumbani walipe mapema msimu wa mnada, hela ya miezi 8 iingie kwenye akaunti kwa namba ya malipo ya serikali, isipite mkononi mwa mtu. Na ile ya kubadilisha pampu itengwe peke yake, isichanganywe na mishahara.

#15 Sheria Mkononi
Hapo @Mhasibu Mstaafu wa Chombo amegusa penyewe. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019 iliyoleta RUWASA (wakala wa maji vijijini), vyombo hivi vya watumia maji vinatakiwa viwe na watu wa kuajiriwa, fundi na mhasibu. Kamati ya kujitolea kama zile za zamani za chini ya sheria ya 2009 haitoshi tena. Nje ya mishahara hiyo mradi hauendi, lakini kijiji kimoja cha watu 3,200 ni kidogo kuibeba peke yake. Unganeni vijiji vitatu au vinne, fundi mmoja, mhasibu mmoja.

#16 Mama wa Magati
Kuungana kuna ubaya wake. Kijiji chenye kisima kizuri kinaona hela yake inatengeneza pampu ya jirani, na wanaacha kulipa. Nasema hivyo kwa kuwa mkutano wa kijiji ndio unaovunjikia hapo.

#17 Nira ya Zamani
Mnapiga hesabu za umeme, na mabondeni watu bado wanachota kwa pampu za mkono za Nira, zile za mradi wa Wafini ulioanza miaka ya 1970 Mtwara na Lindi. Nira AF-85 haina mkono wa kubonyeza. Unashika mpini wa umbo la T unavuta juu na kushusha, bomba lake la plastiki halipati kutu, na fundi wa kijiji anaitoa kisimani bila winchi. Turudi huko.

#18 FundiKoki
@Nira ya Zamani heshima kwako mzee wangu, ile pampu ni nzuri ila mwisho wake ni mita 15. Bonde la Lukuledi, sawa. Kule Ruvuma, sawa. Ukija juu uwandani, mita 15 bado uko kwenye mchanga mkavu, na hata Afridev inayofika mita 45 inaishia njiani. Ndiyo maana uwanda huu ulianza kuvutiwa maji kwa mitambo kutoka mabondeni tangu enzi za mkoloni.

#19 Uwandani
Tumepima leo kama alivyoelekeza @Mtaalamu wa Kitangari. Saa moja ya pampu, maji yamepanda sentimita 25. Halafu usiku tumezima pampu na kufunga magati yote, kuanzia saa 6 hadi saa 10 alfajiri, maji yameshuka sentimita 12.

#20 Mtaalamu wa Kitangari
Asante kwa kupima. Sentimita 25 ni uniti 4.9 kwa saa, yaani 39 kwa siku badala ya 48. Uniti 9 kati ya 21 hazikuwahi kufika tangini. Umeme wenu sasa ni 1,010 kugawa kwa 1,170, sawa na 0.86 kwa uniti. Kuna nguvu inapotea kisimani.

Sentimita 12 ni uniti 2.36 kwa saa 4, kama 0.59 kwa saa. Kwa saa 24 ni uniti 14. Mnauza 27 kati ya 39, pengo ni 12. Namba zinakaribiana. Tundu moja la milimita 3 na nusu, kwenye bomba lililo mita 40 chini ya uso wa tangi, linatosha kutoa maji hayo yote. Tafuteni tundu.

#21 Lukuledi Bondeni
Hiyo 14 ipunguzwe. Usiku hakuna anayechota, presha iko juu na tundu linatoa zaidi. Mchana magati yakifunguliwa presha inashuka. Sema 10 hadi 12.

#22 Dada wa Dira
Nakataa kwamba zote ni tundu. Mlifunga magati, nyumba 46 mlizifunga? Mwenye tangi la plastiki nyumbani lenye boya, maji yanaingia usiku kucha kwa kudondoka. Dira ya kawaida ya nusu inchi haisomi vizuri chini ya lita 30 kwa saa. Mtiririko wa lita 10 kwa saa unaweza kupita na mshale usitikisike. Nyumba 46 kwa lita 10 kwa saa 24 ni uniti 11. Maji yanatumika, hayasomwi tu.

#23 Uwandani
Wenye matangi ya boya ni 9 tu, dada.

#24 Dada wa Dira
Basi ni uniti 2 na kidogo. Nashusha hesabu yangu, ila rudieni kipimo mkiwa mmefunga koki za hao 9. Na dira zilizozidi miaka 7 au 8 kwenye maji ya mchanga zing'oeni mzijaribu kwa ndoo iliyopimwa. Nyingi zinasoma pungufu, hasa zilizofungwa zikiwa zimelala ubavu.

#25 Salfa na Korosho
Mimi bado nauliza, tundu la uniti 10 kwa siku halionekani? Si pangekuwa na dimbwi, majani mabichi?

#26 FundiKoki
Hilo ndilo tatizo la uwanda, shemeji. Kwenye udongo wa mfinyanzi kule chini, uvujaji wa namna hiyo unatoa tope ndani ya siku mbili. Mchanga mwekundu wa huku unayanywa yote, juu unakuta pakavu na mikorosho imestawi kidogo kuliko mingine. Tembeeni mstari wa bomba saa 9 za usiku mkiwa na nondo ya nusu inchi. Ichomeke hadi iguse bomba au ikaribie, weka sikio kwenye ncha ya juu. Tundu lenye presha linatoa mvumo usiokatika. Anzieni kwenye maungio ya wateja, kwenye vibanio vilivyokazwa kwa nguvu upande mmoja, na kila mahali trekta linapokatiza. Bomba la plastiki linatakiwa lifukiwe kama mita 1, lakini mvua ikichimba njia unalikuta kwenye sentimita 20 au liko nje kabisa, jua limelipiga, limekuwa gumu na lina nyufa.

#27 Mchele wa Mbwemkuru
Huku pwani kwetu shida ni chumvi. Maji yakipungua, wanaongeza saa za pampu na chumvi inapanda.

#28 Mtaalamu wa Kitangari
@Mchele wa Mbwemkuru msiongeze saa kwa kasi ileile ya pampu. Karibu na bahari, maji baridi yanaelea juu ya maji ya chumvi. Kanuni inayotumika ni kwamba ukishusha uso wa maji baridi mita 1, mpaka wa chumvi unaweza kupanda hadi mita 40. Chukueni maji kidogokidogo kwa muda mrefu, visima viwili vya kina kifupi badala ya kimoja kirefu, na mpime chumvi kila mwezi kwa kifaa cha mkononi. Ikianza kupanda, punguzeni kasi ya pampu siku hiyohiyo. Watu wanaanza kuonja chumvi kloridi ikizidi miligramu 250 kwa lita, na kuirudisha chini ni kazi ya miaka.

#29 Nira ya Zamani
Na mvua je? Bati la mita za mraba 60 kwa mvua ya milimita 900, hata ukipoteza asilimia 20, ni lita 43,200 kwa mwaka.

#30 Mama wa Magati
Kweli kabisa, na uwandani watu wanavuna hivyo kwenye mashimo ya zege toka zamani. Ila mvua yetu ni msimu mmoja, na kiangazi chote watu wanapuliza salfa mikoroshoni. Vumbi lake linatua kwenye bati. Mvua ya kwanza na ya pili msiingize shimoni, geuzeni bomba limwage nje.

#31 FundiKoki
Turudi kwenye zile uniti 9 za kisimani. Kabla ya kung'oa pampu, zimeni kisha sikilizeni mdomoni mwa kisima. Mkisikia maji yanamwagika ndani kwa dakika kadhaa, bomba la kupandishia lina tundu au limelegea kwenye soketi. Kama ni la mabati na maji yana pH chini ya 6.5, limeliwa, na ndoo za asubuhi zina rangi ya kutu. Hapo pampu ni nzima na mnahitaji bomba tu. Mkisikia kimya, pimeni kina cha maji pampu ikiwa inafanya kazi mlinganishe na karatasi ya mchimbaji. Kina kikiwa kilekile, basi mapanga yamelika.

#32 Lukuledi Bondeni
Mnajenga juu ya ile sentimita 25 bila kuuliza kitu kimoja. Valvu ya kutokea tangini inafunga kweli? Geti valvu ya zamani inapitisha hata ukiikaza mpaka mwisho. Kama ilikuwa inapitisha uniti 1 kwa saa wakati wa kipimo, pampu ni nzima na uniti zote 21 zinapotelea upande wa kijiji.

#33 Mtaalamu wa Kitangari
Hoja nzito hiyo. Kipimo chake: pampu imezimwa, valvu imefungwa, acheni saa 2. Uso wa maji ukishuka hata sentimita 2, kipimo cha kwanza kinarudiwa baada ya kubadilisha valvu.

#34 Uwandani
Tutafanya kesho usiku, na koki za wale 9 tutazifunga. Tukitaka kujua tawi gani linavuja, tunaanzaje? Tuna matawi matatu.

#35 FundiKoki
Anzeni na tawi la mbali zaidi. Fungeni valvu yake saa 6, someni rula baada ya saa nzima, kisha funga la pili, kisha la tatu. Nusu saa haitoshi. Kwa tangi la kipenyo hicho, saa moja ya uvujaji wenu ni sentimita 3 tu na jicho linaweza kukosea. Tawi ambalo likifungwa kushuka kunasimama, ndilo la kutembea na nondo. Yakishuka hata baada ya matawi yote kufungwa, chunguzeni bomba la kati ya tangi na valvu, na nyufa za tangi lenyewe.

Asubuhi fungueni valvu polepole, mzunguko mmoja mmoja, huku koki ya gati la juu kabisa kwenye tawi hilo ikiwa wazi hewa itoke. Bomba tupu likijazwa ghafla hewa inazungusha dira kama maji, na mtu wa gati hilo atadaiwa uniti ambazo hakuuza.